Rangi haikauki, stika zinabanduka: kazi ya matangazo ya nje, Nakuru hadi Kisumu, wakati wa kipupwe

Mwandishi_Section58 anauliza:

Wakuu, habari za baridi. Mimi bado mchanga katika kazi ya matangazo. Kazi yangu hasa ni kuandika maneno, ila katika kampuni ndogo mwenye kalamu ndiye hupewa na ngazi.

Mteja anauza majani ya chai na anataka kuonekana kabla ya Agosti kuisha. Kuna kuta tatu za kuchorwa, mbili Njoro zenye plasta na moja Molo ambayo ni mabati mapya. Kuna matatu sita za Nakuru–Kisumu za kubandikwa stika milangoni na nyuma. Halafu kuna mabango manne ya plastiki, mita 6 kwa 2, mawili yabaki Nakuru na mawili yaende Kisumu.

Maswali yangu:

Rangi ya maji iliyopakwa jioni ukutani inaamka na michirizi ya kunata yenye rangi ya chai. Je, rangi ni mbovu au fundi?

Stika za matatu zinainuka pembeni kabla ya wiki kuisha, ilhali vinili (plastiki ya stika) hiyohiyo ilikaa vizuri mwezi wa pili. Kwa nini?

Tena, mwongozo wa mteja uliotoka Ulaya unasema kampeni hii ni ya "majira ya baridi": siku fupi, giza la mapema, familia imejifungia ndani. Nikitazama nje, jua linatua saa kumi na mbili na nusu na ushee, kama kawaida. Niandike nini?

---

FundiBrashi_Njoro anajibu:

Kijana, rangi haina kosa na baridi pia haina kosa. Mchana wa nyuzi 18 unatosha kabisa kukausha rangi ya maji. Kinachokuharibia ni umande, na umande una saa zake.

Rangi ya maji ina chembe ndogo za plastiki zinazoelea. Maji yakitoka, chembe husogeleana na kushikana mpaka ziwe ngozi moja. Ukuta ukiwa chini ya nyuzi 10 hivi (kiwango kamili kimeandikwa kwenye mkebe, kisome), chembe hukauka kila moja kivyake. Ukipitisha kiganja baada ya siku mbili unatoka na unga. Na ikiwa ngozi haijakomaa halafu umande ukatua juu yake usiku, maji huvuta nje ile sabuni inayotiwa kiwandani ili chembe zisigandamane. Hiyo ndiyo michirizi yako ya kunata. Ukuta haujaharibika. Subiri siku mbili tatu, uoshe kwa maji matupu na sifongo laini, usisugue. Huenda ikarudi mara moja, uoshe tena. Usipake rangi nyingine juu yake kabla ya kuosha.

Kupima ni rahisi. Chukua joto la hewa na unyevu wa hewa kwenye simu. Kwa kila asilimia 5 ambazo unyevu umepungua kutoka 100, toa nyuzi moja kwenye joto. Mfano, hewa iko nyuzi 12 na unyevu asilimia 90: umande utaanza kutunga nyuzi 10. Ukuta wenyewe unatakiwa uwe na joto la nyuzi 3 zaidi ya hapo, yaani 13 kwenda juu, na unyevu usizidi asilimia 85. Kwa hiyo asubuhi hiyo hupaki hata kama ukuta unaonekana mkavu. Usipokuwa na kipimajoto cha ukutani, futa sehemu moja kwa kitambaa chenye maji kidogo kisha uangalie saa. Unyevu ukitoweka ndani ya dakika 15, anza. Ukibaki, kunywa chai ya mteja wako.

Kwa Njoro mwezi wa saba, anza saa nne asubuhi na uweke brashi chini saa tisa alasiri. Fundi atalalamika kwamba siku ni fupi na atataka alipwe kwa siku nzima. Patana naye kwa mita za mraba, si kwa siku.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaliangalii. Mwezi wa saba jua letu linapita upande wa kaskazini. Ukuta unaotazama kaskazini hupata mwanga karibu siku nzima, na unaotazama kusini hukaa kivulini kutwa. Ukiwa na hiari, chagua wa kaskazini. Wa kusini utachukua siku mbili zaidi kati ya mkono wa kwanza wa rangi na wa pili, na ndio huota kuvu kwanza. Wa mashariki upakwe kabla ya saa sita, wa magharibi baadaye.

Plasta ikiwa mpya, isiguswe kabla ya siku 28, na kwa baridi hii ongeza wiki. Ukiona unga mweupe kama chumvi, ujue maji bado yanatoka ndani. Piga brashi kavu, usioshe, subiri. Hesabu ya rangi: lita moja hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwenye plasta laini, na 6 hadi 8 kwenye plasta ya mchanga mchanga. Ukuta wa mita 8 kwa 3 ni mita za mraba 24, mikono miwili ni 48, kwa hiyo nunua lita 5 ukiwa laini na lita 8 ukiwa mbaya. Kuhamisha nembo, chora mchoro wa sentimita 40 kwa 15, ugawe kwa miraba ya sentimita 2 na nusu. Ukutani kila mraba uwe nusu mita, 16 kwa upana na 6 kwa urefu, upige mistari kwa uzi wenye chaki. Chaki ya buluu huvuja kwenye rangi nyeupe ukuta ukiwa na unyevu, tumia ya kijivu.

Sasa mabati ya Molo. Hapo ndipo pesa hupotea. Bati ni jembamba na usiku hupoa kuliko hewa yenyewe, ndiyo maana umande hulitafuta kwanza na huondoka mwisho. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya bahari, usitegemee bati likauke kabla ya saa nne unusu. Pili, ni mapya: yana mafuta ya kiwandani na zinki inayong'aa. Ukipaka rangi ya mafuta moja kwa moja, mafuta ya rangi yanaungana na zinki kuwa kitu kama sabuni, na baada ya miezi rangi inatoka kama ganda la yai la kuchemsha. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya kukata mafuta, suuza, yakauke, sugua kwa msasa laini, kisha upake praima (rangi ya kwanza ya kushikisha) iliyoandikwa wazi kwamba ni ya mabati ya zinki. Siku inayofuata ndipo rangi. Ukikosa praima hiyo, ahirisha kazi, usibuni.

---

Stika_na_Vinili anajibu:

Naingia kwenye matatu. Vinili ni ileile ya mwezi wa pili, lakini bati la gari silo lilelile. Gundi ya stika haishiki kwa kugusa tu, inatiririka polepole kuingia kwenye vijishimo vya rangi ya gari. Ikiwa baridi inakuwa ngumu kama asali iliyolala nje, inagusa vilele tu. Stika nyingi zinataka bati liwe kati ya nyuzi 10 na 16 kwa uchache, kutegemea aina. Saa kumi na mbili asubuhi stejini Nakuru huna joto hilo, na hapo ndipo mwenye gari atakuambia "bandika haraka kabla hatujajaza".

Kabla ya kubandika, uliza mambo mawili. La kwanza, stika ilichapwa lini na ikafunikwa ile ngozi ya plastiki ya juu lini? Wino wa kiyeyushi (solvent) unatakiwa upumue saa 24 kwa uchache kabla ya kufunikwa, na kwa baridi mpe 48, karatasi ikiwa imefunguliwa, si ikiwa imekunjwa kwenye rola. Ukifunika mapema, mvuke wa wino unakosa pa kutokea, unashuka kwenye gundi na kuilainisha. Pembeni panajikunja na stika inasinyaa. Nusu ya malalamiko ya stika "mbovu" huanzia hapa, na mchapaji hatakwambia. La pili, gari lilipigwa rangi lini? Rangi mpya ya gari inatoa hewa kwa siku nyingi. Chini ya wiki moja usibandike. Kwa baridi hii subiri wiki mbili, la sivyo utapata malengelenge.

Kubandika kwenyewe: gari liwe limelala ndani ya gereji au limekaa juani hadi saa nne. Osha kwa sabuni, suuza, kausha. Futa kwa spiriti (sehemu 70 spiriti, 30 maji) ukitumia vitambaa viwili, kimoja cha kupaka na kingine cha kukaushia kabla haijapeperuka. Mara nyingi nta ya kung'arisha gari ndiyo mchawi, hasa milangoni. Usitumie njia ya maji na sabuni kipindi hiki. Hurahisisha kusogeza stika, kweli, lakini maji yanayobaki chini hayatoki kwa baridi, na gundi inakaa ikielea. Bandika kikavu, kuanzia katikati kwenda nje, kwa kile kipande cha plastiki chenye kitambaa ukingoni, na msukumo uwe wa nguvu. Kwenye misumari na mikunjo pasha kwa kipuliza joto, sukuma, pasha tena.

Pembe zote zikate mviringo wa sentimita moja, kwa sababu pembe kali ndiyo hushikwa na kitambaa cha muoshaji. Anza nyuma ya gari kwenda mbele ili kipande cha mbele kikalie cha nyuma kwa sentimita moja, upepo usipate mdomo. Kwa juu na chini ni kama mabati ya paa, cha juu kikalie cha chini. Mstari wa njano wa ubavuni mwa matatu usiuguse.

Kisha tatizo ambalo si la kiufundi: matatu huoshwa kila alfajiri. Gundi inahitaji siku tatu bila maji ya presha. Mlipe muoshaji kitu kidogo atumie kitambaa siku hizo tatu, na baadaye mdomo wa mpira wa maji ukae mbali na ukingo kiasi cha nusu mita. Ni rahisi kuliko kuchapa milango sita upya.

---

Mwandishi_Section58:

Asanteni sana. Fundi wa hapa anapendekeza tuweke jiko la makaa karibu na ukuta ili ukauke. Pia kuna anayesema nichane mabango matundu ya nusu duara ili upepo upite. Ni sawa?

---

NyarDunga anajibu:

Hilo la matundu niachie mimi, la jiko mzee wa Njoro atakujibu.

Ndugu, piga hesabu kwanza. Upepo wa mita 15 kwa sekunde, ule wa kabla ya mvua ya alasiri, unasukuma kila mita ya mraba kwa nguvu ya karibu nyutoni 138. Bango lako lina mita za mraba 12. Hiyo ni nyutoni 1,650 na zaidi, sawa na kuning'iniza uzito wa kilo 169. Na nguvu hupanda kwa mraba wa mwendo: upepo ukiongezeka mara mbili, mzigo unakuwa mara nne. Vitundu vichache vya kisu havipunguzi mzigo huo kwa kiasi cha maana, ila vinampa mpasuko mahali pa kuanzia. Ukitaka upepo upite, chapa kwenye plastiki ya wavu. Rangi itafifia kidogo ukiwa karibu, lakini kwa mbali hakuna atakayejua.

Ukibaki na plastiki ya kawaida, chukua ya gramu 440 au 510 kwa mita ya mraba. Kingo zikunjwe sentimita 5 na kuunganishwa kwa joto pande zote nne, na vijiringi vya chuma viwe kila nusu mita. Bango la mita 6 kwa 2 ni mzingo wa mita 16, hivyo vijiringi 32. Wachapaji hupenda kuweka kumi na mbili wakanyamaza. Pembe nne ziongezwe kipande cha pili cha plastiki.

Kamba ya katani usitumie: ikilowa hujikaza na kufupika, ikikauka hulegea, na bango hupigapiga usiku kucha mpaka kijiringi kitoke. Nailoni nayo hurefuka ikilowa. Kamba ya poliesta ndiyo hutulia. Kila kijiringi kifungwe kivyake. Ukipitisha kamba moja ndefu kama uzi wa kiatu, ikikatika mahali pamoja, bango zima linafunguka. Upande wa chini funga kwa mpira wenye mvutano, ili bango livimbe kidogo upepo ukija halafu lirudi. Na tafadhali, si kwenye nguzo za stima, hata kama wengine wamefunga hapo.

Kisumu upepo wa ziwa huanza kuvuma kuelekea nchi kavu kuanzia kabla ya adhuhuri, na mvua nyingi huja jioni. Funga mabango asubuhi, na kama una hiari yaelekeze yasikabili ziwa moja kwa moja.

Kuhusu maneno: huo mwongozo wa Ulaya uwekee chai juu yake. Mstari wa ikweta unapita Maseno, si mbali na hapa kwetu Kisumu. Siku zetu hazifupiki, usiandike giza la mapema. Na "baridi" si moja njia nzima. Kisumu iko mita 1,130 hivi, Nakuru 1,850, Molo karibu 2,500. Joto hushuka kama nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000. Bango linalosema "baridi imezidi" litaeleweka Molo, litakubalika Nakuru, na Kisumu, ambako mchana hufika nyuzi 28, litaonekana limepotea njia. Kisumu uza chai ya mvua ya jioni na mandazi, au ya alfajiri kabla ya kwenda kazini. Njoro uza kikombe cha kushika kwa mikono miwili.

Maneno yawe machache. Gari la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kwa sekunde. Ukitaka dereva apate sekunde tano, aanze kusoma akiwa mita 110. Herufi ya sentimita 16 hivi ndiyo mwisho wa jicho zuri kwa umbali huo, ya kusomeka bila kukodoa macho ni kama sentimita 90. Kwenye ukuta wa mita 8 hiyo ni neno moja na nembo. Kule juu penye ukungu, jicho likiishia mita 50 na gari likienda 50 kwa saa, una sekunde tatu na nusu, basi. Epuka kijivu na buluu hafifu, mbingu ya Julai itazimeza. Na nyekundu, ambayo wauza chai wanaipenda mno, ndiyo ya kwanza kugeuka nyeusi mwanga ukipungua. Iweke ndani ya njano au nyeupe.

---

Kibali_Kwanza anajibu:

Kwa ufupi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeziachia kaunti udhibiti wa matangazo ya nje. Kwa hiyo unalipa kaunti ya Nakuru kwa Njoro na Molo, na Kisumu kivyake. Kibali kimoja hakivuki mpaka. Ada hufuata Sheria ya Fedha ya kaunti ya mwaka husika, usitumie karatasi ya mwaka jana. Bango likiwa ndani ya hifadhi ya barabara kuu ya A8 (zamani A104), kibali cha kaunti hakitoshi, unahitaji pia cha KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa. Kwenye ukuta wa mtu, pata ridhaa yake kwa maandishi, itaje tarehe ya mwisho na nani atarudisha rangi ya awali. Nakala ya risiti ikae na fundi pale ukutani, si ofisini kwako. Kanjo (askari wa kaunti) huja saa ambayo wewe hupo.

---

FundiBrashi_Njoro:

Jiko: hapana. Linapasha upande mmoja wa ukuta kwa nusu saa, ngozi ya juu inakauka na ya chini inabaki mbichi, kisha inapasuka kama udongo wa bwawa. Jiko la gesi ni baya zaidi, kwa sababu gesi ikiungua hutoa mvuke wa maji, yaani unaongeza unyevu uliotaka kuuondoa. Kama ukuta hautaki, feni kubwa ya kupitisha hewa inasaidia kuliko moto.

Na kwa kuwa wewe ndiye mwenye maneno na picha: usije ukachora familia ikinywa chai chumba kimefungwa na jiko la makaa katikati. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu na huua watu kwa baridi hizihizi. Weka jiko nje barazani, au dirisha lionekane wazi.

---

Stika_na_Vinili:

Umetaja picha, mzee. Mvuke wa chai hauonekani kamerani mpaka vitu vitatu vikutane: nyuma pawe peusi, mwanga utoke nyuma ya kikombe ukipita pembeni, na hewa iwe baridi. Saa moja asubuhi Nakuru mwezi wa saba unapata hilo la tatu bure, dirisha likiwa wazi. Chai imiminwe ikiwa inachemka, una kama dakika moja na nusu kabla mvuke haujapungua, kwa hiyo sufuria ya pili iwe jikoni tayari. Kamera iliyotoka kwenye baridi usiingize moja kwa moja jikoni penye joto, lenzi itajaa ukungu. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, ikae ndani ya mfuko nusu saa, ndipo uitoe.